Umwambie Asizime Gari Mteremkoni

Beltsville, Maryland
Jumapili, 3 Novemba 1985

Mpendwa Shemeji Sheikhan,

Assalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh. Kabla ya lolote nipe hali yako. Goti linakuruhusu sasa kusali umesimama, au bado unakalia kiti? Na Bi Mwatime, kikohozi kimemwacha? Nauliza pia habari za mvua za vuli, kama zimenyesha Tanga mwaka huu au zimepita juu juu kama mwaka jana, maana jirani yetu Leokadia aliniambia kuwa mahindi ya huko yalikauka yakiwa bado na ndevu.

Sisi huku ni wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Baridi imeingia. Majani ya miti ya mtaani kwetu yameanguka karibu yote, na nimeshayatoa makoti kabatini. Mwaka wa kumi na nne huu niko nchi hii, na kila yakianguka najihisi kama nimefiwa na mtu nisiyemjua.

Barua hii haipiti posta. Anakuja nayo huyo Leokadia, muuguzi wa Bukoba ambaye ni jirani yetu wa mlango wa pili. Anaruka Alhamisi kwenda Dar es Salaam, na nduguye atakuletea mpaka Ngamiani. Ndugu yako Ameir anajua kuwa nakuandikia, lakini anadhani ni salamu tu. Nakuomba uisome peke yako, kisha uichane.

Shemeji, mimi naogopa. Nimeliandika neno hilo nikaliangalia kwa muda, maana si neno nililozoea kuliandika. Naogopa kupanda gari la mume wangu, na ninaogopa zaidi kwa ajili ya binti yetu Mwatumu.

Mwatumu ana mimba ya miezi minane. Mumewe, Nassor, yuko Riyadh kwa mkataba wa kazi, na hawezi kurudi kabla ya Februari. Kwa hiyo mtoto amerudi kwetu kuzaa, kama desturi yetu ya uzazi wa kwanza, na nimefurahi kuwa naye nyumbani. Daktari anasema ni mwanzoni mwa Desemba. Hospitali iko ndani ya mji wa Washington, mwendo wa zaidi ya nusu saa kutoka hapa, na atakayempeleka ni baba yake. Mimi, kama unavyojua, sikujifunza gari. Nilidhani siku zote nitakuwa na mtu wa kuniendesha.

Sasa nikueleze habari ya gari lenyewe, maana bila ya hiyo hutanielewa.

Tulilinunua mwezi wa Aprili, gari la familia, refu, lenye mlango nyuma wa kupakilia, na gia zinazojibadilisha zenyewe. Kwenye kioo chake palikuwa na karatasi ya serikali inayotaja gari litakwenda maili ngapi kwa galoni moja ya petroli: ishirini na nne mjini, thelathini safarini. Kila gari jipya hapa lina karatasi kama hiyo. Ameir aliibandua kwa wembe, pole pole, isichanike, akaitia katika fremu na kuitundika ukumbini, pembeni ya picha ya harusi ya Mwatumu.

Basi akaanza kupima. Akijaza tangi, anaandika maili. Akijaza tena, anagawa. Ikatoka kumi na saba. Akasema pampu inaiba, akahamia stesheni nyingine. Ikatoka kumi na saba tena. Siku hiyo hakula.

Mimi ndiye niliyeisoma ile karatasi mpaka chini, kwa ugonjwa wangu wa kusoma kila kilichoandikwa, na natamani ningeiacha. Kwa herufi ndogo pameandikwa kuwa kila mtu atapata chake kwa jinsi anavyoendesha, na kwa hali ya njia na ya gari. Nilidhani ninampoza. Nikamsomea. Akasema, "Kumbe ni mimi. Gari halina kosa, ni mimi."

Kuanzia hapo akaanza kujirekebisha, na nitakuwa mwongo nikikwambia hakufanikiwa. Aliacha kuondoka kwa kishindo kwenye taa. Akiona taa ya mbele ni nyekundu, anatoa mguu mapema na kuliacha gari lijiendee, badala ya kukimbilia kusimama. Safari fupi fupi za dukani akaziunganisha kuwa moja, maana injini ikiwa baridi inakunywa sana. Magurudumu akayapima upepo. Katika barabara kuu alikwenda mwendo mmoja, hamsini, hapandi hashuki. Namba ikapanda mpaka ishirini na moja, na mimi nikamsifu, nikampikia mkate wa kumimina. Laiti angeishia hapo.

Hakuishia. Alianza kukaa nyuma ya malori makubwa katika barabara inayozunguka mji, karibu kabisa, ili lori likate upepo na sisi tupite katika kivuli chake. Nilikuwa naweza kusoma maandishi yaliyo kwenye matairi yake. Agosti nzima hakuwasha kiyoyozi wala hakufungua madirisha, akisema kiyoyozi kinakunywa na dirisha wazi linavuta upepo. Kwenye kona hakanyagi breki, maana kila ukikanyaga breki, anasema, unaitupa petroli uliyokwisha kuilipia. Tulikuwa tunakata kona huku mimi nimeshika mlango na Mwatumu ameshika tumbo.

Mwatumu alikuwa akimtania. "Baba, yule bibi mwenye toroli la sokoni ametupita."

"Mwache apite. Atafika amechoka."

"Na sisi tutafika lini?"

"Sisi tutafika na mafuta."

Tulikuwa tunacheka. Nakwambia hivyo ili ujue sikuanza na hofu. Hofu ilikuja mwezi wa Septemba, siku alipoanza kuzima gari mteremkoni.

Hapo ndipo unapoingia wewe, Shemeji, na nakuomba usinichukie kwa kulisema. Ulipopata kazi ya kupeleka bidhaa Lushoto, baada ya sisi sote kuhamia Tanga, ulimchukua Ameir na kumfundisha gari katika barabara ile ile ya kupanda mlimani kutoka Mombo. Ulimfundisha kupanda taratibu, na akifika juu azime injini, atie gia nyutro, ateremke kwa uzito wa gari lenyewe, huku akikanyaga breki kidogo kidogo: kanyaga, achia, kanyaga, achia. Kwa gari lile la zamani ulikuwa ni ufundi, na petroli ilikuwa haipatikani. Hakuna aliyekulaumu, wala mimi silaumu. Lakini Ameir ameyahifadhi yale kama alivyohifadhi Juzuu Amma. Mtu akimkosoa uendeshaji wake, anauliza jambo moja tu: "Mimi gari nimefundishwa na Kaka. Wewe nani alikufundisha?"

Alianza na vilima vidogo vya huku kwetu, kati ya mashamba ya majaribio ya serikali anakofanya kazi ya stoo. Barabara ni tupu pale, ng'ombe wako ndani ya uzio, na gari likizimwa unasikia ndege. Nikasema moyoni, haya, pengine hakuna neno.

Jumapili iliyopita tulikuwa na hitima mtaa wa Shaw, ndani ya mji, kwa watu wetu wa Unguja waliofiwa na mama yao. Nilipika pilau, nikaipakata sufuria mapajani, imefungwa kwa kitambaa. Mwatumu alikaa nyuma. Kuna njia iliyonyooka ya kufika kule, lakini Ameir akaiacha, akazunguka ili aingie kwa Barabara ya Kumi na Tatu. Kuna shule kubwa juu ya kilima pale, na kutoka shuleni barabara inaanguka moja kwa moja mpaka chini kwenye taa, nyumba zimebanana huku na huku, magari yameegeshwa pande zote mbili. Ukiwa juu unauona mji wote chini yako.

Alipofika juu akazima.

Mwanzo tuliteremka kimya kimya, vizuri. Halafu gari moja likatoka ghafla mahali lilipoegeshwa. Ameir akakanyaga breki kama ulivyomfundisha, kanyaga, achia, kanyaga, achia. Tukalikwepa. Alipokanyaga tena, hapakuwa na breki. Pedali ilikuwa pale pale, lakini imekuwa ngumu kama jiwe la kusagia, haishuki. Usukani nao ukawa mzito. Nilimwona anauvuta kwa mabega. Chini taa ilikuwa nyekundu, na watu waliotoka kanisani walikuwa wanavuka, wazee na watoto, na nguo zao za Jumapili.

Sikupiga kelele. Nilikuwa natafuta shahada na siipati. Shemeji, mimi niliyeisema shahada tangu sijaota meno, niliitafuta sikuipata.

Mwatumu ndiye aliyepiga kelele. "Baba, washa! Washa gari! Baba, turn it on!"

Ameir alikuwa amesimama kabisa juu ya pedali kwa miguu yote miwili, makalio hayagusi kiti. Akaupata ufunguo. Mara ya kwanza injini ikakohoa tu. Mara ya pili ikawaka, na pale pale breki ikalainika, na gari likasimama kwa kishindo katikati ya watu, tumekwisha kuupita mstari mweupe. Sufuria iliruka ikapiga mbele, pilau ikajaa miguuni kwangu. Bibi mmoja mwenye kofia ya kijani alikuwa mbele ya boneti, karibu kiasi cha kuiwekea mkono, na kweli akaiweka. Hakutukana. Alitutazama mmoja mmoja, akamwona Mwatumu na tumbo lake, akatikisa kichwa, akaenda.

Unajua Ameir alisema nini? Alisema, "Breki za Wamarekani hazina adabu."

Tulikwenda hitima. Nilikaa na wanawake nikasoma Yasini pamoja nao, na muda wote nilikuwa nikifikiri kwamba watu hawa hawa, mikeka hii hii, kanzu zile zile, vingeweza kuwa kwetu jioni ile ile. Mwatumu hakuteremka garini kwa muda. Alisema anataka kumsikia mtoto akicheza kwanza. Alimsikia. Ndipo akaingia.

Wakati wa kurudi hatukwenda nyumbani moja kwa moja. Ameir alipita stesheni kujaza. Alijaza mpaka petroli ikaonekana mdomoni mwa tangi. Akagawa kwa kalamu ya risasi, akagawa tena. Kisha akaja dirishani kwangu, uso wake umefunguka kama wa mtoto siku ya Idi.

"Ishirini na saba, Nunu! Ishirini na saba, na mjini!"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli. Kule kilimani niliogopa gari. Pale stesheni nilimwogopa mume wangu, ambaye hajawahi kuninyanyulia mkono wala sauti, kwa sababu niliona kuwa jambo lililotaka kutuua yeye limemthibitishia.

Siku ya pili nilimuuliza Kiprotich. Huyu ni kijana wa Eldoret, anasoma uhandisi katika chuo kikuu cha College Park, na amepanga chumba chetu cha chini. Ni mpole, na anapenda kueleza. Alimweleza Ameir mbele yangu, mezani, kwa Kiswahili chao cha bara.

"Mzee, hiyo namba ya karatasi walipima ndani ya nyumba. Gari imefungwa, magurudumu yake yanazungusha chuma, inakimbia na haiendi mahali. Hakuna upepo, hakuna baridi, hakuna kilima, hakuna mama na sufuria. Huwezi shindana na hiyo."

"Na baiskeli yako," Ameir akamuuliza, "imepimwa wapi?"

"Haijapimwa, Mzee."

"Basi nenda kaipime, halafu njoo."

Kijana alicheka, akaendelea. Akasema jambo ambalo nakuomba ulishike, kwa sababu utalihitaji. Akasema breki na usukani wa magari ya siku hizi vinasaidiwa na injini. Injini ikizima, inabakia nguvu kidogo ya kukanyaga breki mara mbili au tatu, na ile kanyaga-achia ndiyo inayoimaliza upesi. Breki ya gari la zamani haikuwa hivyo. Mguu wako ndio uliokuwa breki. Akasema tena kwamba gari kama letu, ukiwa mteremkoni ukatoa mguu kwenye mafuta na kuliacha katika gia, injini inajifungia petroli yenyewe, hainywi kitu. Kwa hiyo kuzima si akiba. Ni hatari tu, bila ya faida.

Ameir alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akamuuliza nani alimfundisha gari. Kiprotich akasema hajawahi kuendesha. Ikawa mazungumzo yamekwisha.

Ningenyamaza hata baada ya hapo, kama si habari ya juzi Ijumaa. Tulipokuwa tunakula, alichukua kichupa cha chumvi, akakipitisha juu ya kitambaa cha meza, akatuonyesha njia ya hospitali. Si njia anayoijua kila mtu. Ni yake, ameitafuta mwenyewe baada ya kazi, amepita mara kadhaa akiipima. Ina miteremko mitatu. Katika yote mitatu, anasema, atazima. Na mmoja wao unaishia kwenye njia panda.

Mwatumu aliweka kijiko chini. Akasema kwa upole, "Baba, nitakwenda kwa teksi."

"Teksi?" Sijapata kuiona sura ile. "Mtoto wangu wa pekee, uzazi wake wa kwanza, apelekwe na mtu nisiyemjua jina? Kama hana wenyewe?"

"Sio hivyo, Baba. I just want to get there."

"Utafika. Mimi ndiye nitakayekufikisha, na tangi litakuwa limejaa."

Mwatumu akanitazama mimi. Unamjua binti yako tangu alipokuwa mdogo, macho yake hayafichi. Alikuwa ananiuliza, na mimi ndiye mama. Nikaokota sahani.

Umeshaniuliza moyoni kwa nini nisimfiche funguo, au nisimwite Leokadia na gari lake. Leokadia atakuwa kwao Bukoba mpaka Krismasi. Funguo nimezishika mkononi, nikazirudisha. Ningemvunjia uso mbele ya mtoto wake, katika siku ambayo ameingoja tangu azaliwe huyo mtoto. Na angetengeneza nyingine.

Najua pia hofu yake inatoka wapi, na wewe unajua kuliko mimi. Ile Januari ya mapinduzi kule Unguja, 1964, gari la marehemu baba yenu liliishiwa petroli njiani mkirudi mjini kutoka shamba. Mlimwacha mzee ndani, maana miguu ilikuwa haimchukui, nyinyi wawili mkaenda kutafuta petroli. Mliporudi mlikuta milango iko wazi na kiti ni kitupu. Mimi sikuwepo, na Ameir amenihadithia mara moja tu katika ndoa yetu yote. Lakini hajaingia katika gari tangu hapo bila ya kuutazama mshale wa mafuta kwanza. Mwaka wa 1979 petroli ilipoadimika huku, watu walikaa foleni wakisoma magazeti na kunywa kahawa. Yeye alikaa ameshika usukani, gari limezimwa, akitokwa na jasho.

Kwa hiyo simcheki, na wala simwoni mjinga. Yeye anaogopa tangi tupu kama mimi ninavyoogopa mteremko. Ila hofu yake inaendesha, na yangu imekaa kiti cha pembeni na sufuria.

Haya ndiyo ninayoyaomba. Tangu niolewe sijakuletea mashtaka ya ndugu yako hata siku moja, na nimeona aibu kuanza uzeeni. Lakini hakuna mtu mwingine duniani ambaye neno lake litamtoa mkono kwenye ule ufunguo. Nenda posta, upige simu. Usiandike, barua itachelewa. Namba nimeiandika nyuma ya bahasha. Mwambie kama jambo lililokujia mwenyewe. Mwambie umezungumza na madereva wanaoleta magari mapya bandarini, na wamekueleza kuwa ile kanuni yako ya Mombo haifai tena kwa magari haya: injini isizimwe mpaka gari liwe limesimama, gia isitolewe, na breki isikanyagwe kwa vipande. Mwambie hayo ya injini kujifungia petroli mteremkoni. Ndiyo yatakayomridhisha, maana hatakuwa amepoteza tone. Usinitaje mimi, usiitaje Shaw, na usimtaje Kiprotich hata kwa bahati mbaya.

Na mwambie kuwa umemwondolea. Neno hilo hilo. Yeye anaamini kuwa alichopewa na mkubwa wake si ruhusa kukiacha mpaka mkubwa mwenyewe akiondoe.

Nimesimama kidogo kuandika, maana namwona hapo nje kwa dirisha la jikoni. Amefungua mlango wa nyuma wa gari na anatoa vitu. Ametoa jeki. Ametoa blanketi nililoweka kwa ajili ya Mwatumu. Sasa anatoa gurudumu la akiba, analibingirisha mpaka ukutani. Anapunguza uzito. Barabara zitaanza kuganda baada ya wiki chache, na yeye anatoa gurudumu la akiba ili gari liwe jepesi. Mwatumu amesimama barazani na koti langu, anamtazama.

Narudi tena kwenye barua. Ameir aliingia kunawa mikono akanikuta naandika.

"Bado unamwandikia Kaka?"

Nikasema bado.

"Mwandikie na langu. Mwambie, yule mwanafunzi wake wa Mombo leo anaifundisha Washington."

Nikaandika. Nimeliandika hapo juu kama alivyolitamka. Akabaki mlangoni, maji yanamdondoka vidoleni.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Hebu nisomee."

Shemeji, karatasi zote zilikuwa mezani zimetandazwa, na yeye yuko hatua chache, na Kiswahili anakisoma kuliko mimi. Nikainua hii moja, nikamsomea ule mstari wake tu. Sauti yangu ilitoka sawasawa, sijui kwa uwezo gani. Akacheka. Akasema, "Kaka atafurahi." Akajifuta mikono kwenye suruali, akatoka tena kwenda kujaza magurudumu upepo.

Sijamwona akicheka hivyo kwa muda mrefu. Amekaa hapo nje anangoja umsifu. Kwa haki ya undugu wenu, na kwa mjukuu ambaye hajatoka bado tumboni, usimsifu.

Nisalimie Bi Mwatime kwa salamu maalumu, na Kijakazi na wanawe, na jirani yenu mzee Kombo kama yu hai bado. Mwatumu anakuamkia shikamoo na anakuomba dua ya wepesi. Mungu akupe afya ya kukufikisha posta, laini isikatike, na akuhifadhi wewe na sisi sote na yale tusiyoyaona mbele yetu.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye na kukuheshimu tangu siku uliyonipokea kwenu,

Nunu